Rambirambi Imepokelewa, Je, Kesi Imekwisha?

Maswali ya wasomaji kuhusu sheria. Anajibu hakimu mkazi mstaafu, mkazi wa Dodoma.

SWALI

Mbukwenyi. Mimi ni bibi wa miaka 61, nakaa Chang'ombe hapa Dodoma, nauza karanga na ubuyu. Binti yangu anafanya usafi ofisi moja Mtumba, anatoka nyumbani alfajiri. Mtoto wake wa miaka minne tulimpeleka kituo cha kulelea watoto cha jirani, shilingi 30,000 kwa mwezi, uji humohumo. Mtoto huyu alikuwa hasikii tangu alipougua uti wa mgongo akiwa na mwaka mmoja. Mwenye kituo alijua, akasema atamweka karibu naye.

Nyuma ya nyumba kuna shimo la maji taka lililofunikwa bati na matofali mawili juu yake. Desemba nilimwambia kwa mdomo wangu, mama, hilo bati litakuja kuua mtu. Akanijibu, tukimaliza sikukuu nitamwaga zege. Februari, mvua imenyesha usiku kucha, mjukuu wangu akatumbukia. Walimtafuta kama saa nzima, mpaka mtoto mwenzake aliponyoosha kidole kwenye bati. Tulimzika kesho yake, Mvumi. Mwili haukupimwa.

Siku ya tatu, tukiwa bado tumekaa matanga, mwenye kituo alikuja na wazee wa kanisa, na shilingi 1,200,000, na karatasi inayosema familia imeridhika, haitadai wala kwenda popote. Kaka yangu akasaini. Polisi tulipokwenda, askari mmoja alisema ile ni ajali, yamalizeni wenyewe. Mwenye kituo naye anasema mtoto aliitwa akakataa kuitika. Binti yangu hasemi na mtu. Pesa iko sandukuni kwangu, sijaigusa. Wengine wananiambia ni mapenzi ya Mungu, na huyu mama tuko naye kikoba kimoja. Je, kwa kuwa tulipokea, tumeshamaliza?

Bibi wa Chang'ombe

JIBU

Mbukwa, bibi mwenzangu, na pole sana. Nilipofika pale pa kidole kwenye bati niliiweka barua chini, nikatoka uani kuhesabu wajukuu wangu. Watatu, wote wapo. Ndipo nikarudi kukujibu.

Hapana, hamjamaliza. Kwa kweli hamjaanza.

Huyo askari aliwatuliza kwa neno "ajali", na mimi neno hilo nimelisikia kitini mpaka nikalichoka. Mti ukingʼoka kwa upepo, hakuna aliyejua kwamba umeoza, ukamwangukia mpita njia, hiyo ni ajali. Lakini shimo hili mwenyewe analijua, liko kwenye uwanja wake. Kalifunika bati. Jirani kamwambia litaua. Naye akaitaja dawa, zege, akataja na wakati, baada ya sikukuu. Sikukuu zikapita, ada ya Januari ikapokelewa, zege halikumwagwa. Sheria inauita huo uzembe. Anayepokea pesa ili amtunze mtoto wa mtu amejitwika wajibu, na akiuacha wajibu huo mtoto akafa kwa sababu hiyo, anajibu.

Lililonikera zaidi ni hili la "aliitwa akakataa kuitika". Anamwita kwa sauti mtoto asiyesikia! Anadhani amepata kinga, kumbe ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Mwaka 1956 kule London, mafundi wa umeme walichimba mtaro kando ya barabara, wakalaza mpini wa nyundo ndefu uwe kizuizi. Mwenye macho angeuona. Akapita kipofu mmoja, Haley, mtu aliyezoea njia ile kwa fimbo yake. Fimbo ikaukosa mpini, akaanguka, akaumia kichwa, na usikivu wake nao ukapotea. Wachimbaji wakajitetea kwamba kizuizi kilitosha kwa watu wazima wenye macho. Mwaka 1964 mahakama ya juu kabisa ya huko ikawakatalia: vipofu hutembea mitaani, kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo anayechimba mtaani lazima awafikirie na wao. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, ila zinasomwa kwa heshima, maana msingi wa sheria yetu ya uzembe tuliurithi kutoka kwao, tena kwa tarehe: ile iliyokuwapo 22 Julai 1920. Sasa, ikiwa mpita njia asiyejulikana alistahili kufikiriwa, sembuse mtoto uliyeambiwa hasikii, ukampokea, ukapokea na ada yake?

Tuje kwenye karatasi. Kifo hiki kimefungua njia mbili, na watu wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema anayesababisha kifo kwa tendo lisilo halali, au kwa kuacha kutenda alilopaswa, ana kosa la kuua bila kukusudia. Kuacha kunakotajwa pale ni uzembe wa kulaumika katika wajibu wa kulinda uhai au afya. Adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, ingawa mahakama hupima mazingira na mara nyingi huwa chini sana ya hapo. Mlalamikaji katika kesi hiyo ni Jamhuri. Siyo wewe, wala binti yako, wala kaka yako. Kwa hiyo kaka yako alisaini kuuza ng'ombe asiye wake. Na mwambie taratibu, bila kumfokea, kwamba kupokea mali kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa la jinai ni kosa lenyewe. Sidhani kama alikusudia hivyo. Matangani mtu husaini chochote. Ila karatasi kama hiyo asiilinde kama hati ya shamba.

Sitakudanganya: uzembe wa jinai hupimwa kwa mizani nzito kuliko uzembe wa madai. Kosa la kibinadamu, kusahau mara moja, huenda lisitoshe kumfunga mtu. Kuonywa ukapuuza miezi miwili ni jambo jingine. Kwa hiyo uzito wa kesi hii uko kwenye yale maneno yako ya Desemba. Kaa chini leo uyakumbuke: ilikuwa siku gani, mlisimama wapi, nani alikuwa anapita, ulikuwa umekwenda kumchukua mtoto au kulipa ada. Mwambie mtu ayaandike kama unavyoyasema, kwa Kiswahili chako au Kigogo, uweke tarehe na dole gumba.

Rudini polisi. Safari hii msiishie kaunta, ombeni kumwona mkuu wa upelelezi wa wilaya. Mkipewa RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, mshukuru, kisha ulizeni namba ya jalada, maana RB peke yake ni mstari tu kwenye kitabu. Wakiwazungusha, andikeni barua kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Sisi wa Dodoma tuna bahati, makao makuu yako hapahapa. Mkimwona mshtakiwa sokoni wiki inayofuata msipige kelele kwamba kesi imeuzwa. Kuua bila kukusudia ni kosa lenye dhamana.

Kuhusu mwili kutopimwa, najua hofu iliyoko. Mahakama inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, na Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inampa hakimu nafasi ya kuchunguza kifo cha ghafla au cha mashaka. Lakini si kila kaburi hufukuliwa. Huyu mtoto alitolewa shimoni mbele ya watu, akapelekwa, nadhani, zahanati, na pale kuna daftari na kuna mganga aliyemwona. Daftari hilo lifuatwe kwanza. Mtayarishe binti yako kwa upole kwamba swali hili linaweza kuulizwa, asije akalisikia mara ya kwanza mdomoni mwa mpelelezi.

Jambo la haraka kuliko yote ni shimo. Niliwahi kuona shauri likidhoofika, katika wilaya moja niliyofanyia kazi, kwa sababu siku ya nne tu mwenye nyumba alikuwa ameshamwaga zege safi juu ya shimo, na shahidi akawa anaeleza bati ambalo halipo. Mwenye kituo wako alikawia kwa zege miezi miwili. Sasa usishangae akaipata mifuko ya saruji kwa siku moja. Kijana yeyote wa familia mwenye simu apige picha leo akiwa barabarani au kwa jirani, asiruke ukuta. Kundi la WhatsApp la wazazi wa kituo, kama lipo, msilifute wala msijitoe. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani, ila tunzeni simu yenyewe, picha ya skrini peke yake hubishaniwa mno. Na yule mtoto aliyenyoosha kidole, msimpuuze kwa udogo wake. Tangu mwaka 2016 mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi tu mbele ya mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Mzazi wake aombwe kwa heshima. Msimfundishe maneno, hakimu anayejua kazi yake hulisikia somo la kukariri kabla mtoto hajamaliza sentensi ya pili.

Njia ya pili ni madai, na hii ndiyo mali ya familia. Tuna sheria ndefu kwa jina, ya Marekebisho ya Sheria kuhusu Ajali za Vifo, Sura ya 310. Inasema kwamba aliyesababisha kifo kwa kosa lake anadaiwa fidia hata kama mwenye kudai, yaani aliyekufa, hayupo tena, na hata kama kitendo hicho pia ni jinai. Hamlazimiki kumwona akifungwa kwanza. Hapa mizani ni nyepesi: mahakama huuliza lipi lina uwezekano zaidi. Binti yako, mama mzazi, ndiye awe mbele. Utaratibu wa kawaida ni kufungua shauri kupitia msimamizi wa mirathi. Najua utacheka kwa uchungu: mtoto wa miaka minne ana mirathi gani, viatu na kikombe cha uji? Mirathi yake ni haki hii ya kudai. Nendeni na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo.

Nikuonye kuhusu kiasi, kabla wakili wa mtaani hajakutajia mamilioni. Sheria hii hupima zaidi riziki iliyopotea, nani alikuwa anamtegemea nani, kwa hiyo kifo cha baba mwenye mshahara hupata fidia kubwa na kifo cha mtoto mdogo hupata kidogo. Naona ni upungufu wa sheria. Nilikuwa naona hivyo hata nilipokuwa naitumia. Gharama za mazishi, jeneza, gari la kwenda Mvumi, zidaini, na risiti zitunzeni.

Ile karatasi kwenye madai ina uzito kidogo zaidi kuliko kwenye jinai, kwa sababu madai watu wanaweza kuyamaliza kwa mapatano. Lakini aliyesaini ni mjomba. Mama wa mtoto hakusaini, hakuulizwa, alikuwa kwenye mkeka. Atakayeitetea ana kazi. Pesa isiliwe. Mkitaka kuirudisha, irudisheni mbele ya mtendaji wa kata kwa maandishi. Mkitaka kubaki nayo, andikeni kwamba mmeipokea kama rambirambi tu, na mahakama ikiona inafaa itaihesabu. Katika desturi zetu mtu akifiwa hufikiwa na ubani hata na adui yake, na hakuna Mgogo aliyewahi kusema ubani unanunua maiti.

Muda wa kudai kwa kosa la namna hii ni miaka mitatu. Unaonekana mrefu, mashahidi wanahama, wapangaji wa Chang'ombe hawakai. Kisha nendeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri mkaulize kama kituo kimesajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Leseni ya biashara siyo usajili wa kituo. Ikiwa hakijasajiliwa, hoja yenu imepata mguu mwingine. Ikiwa kimesajiliwa na mkaguzi alipita akaliona bati akaandika "safi", huenda na halmashauri ikajibu, lakini hapo mwendo unabadilika: tangu mwaka 2020 hata halmashauri mtaipa notisi ya siku 90 kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Hapo msiende bila wakili.

Wakili wa bure yupo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ni ya mwaka 2017, na kampeni ya Mama Samia ilizinduliwa hapa Dodoma mwaka 2023. Ulizeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata nani msaidizi wa kisheria wa eneo lenu. Anayedai pesa kabla hajasoma karatasi zenu, mpungieni mkono.

Umebaki na mambo mawili, Mungu na kikoba. Mimi ni Mwanglikana, naimba kwaya ya akina mama, sauti ya pili. Miaka yote kitini sikuona hati ya utetezi iliyosainiwa na Mungu, ila niliona nyingi zilizoandikwa kwa jina lake na watu waliokuwa na deni. Wazee wa kanisa waliokuja na karatasi matangani waulizwe na mchungaji wao nani aliiandika. Kikobani, hisa zako ni zako. Kama mkopo wako umedhaminiwa na huyu mama, ongea na mwenyekiti ubadilishiwe mdhamini mapema, kimyakimya, kabla ya wito wa mahakama haujafika. Sikuambii umchukie. Huenda naye hajalala tangu siku hiyo, na nimeona washtakiwa wa namna hii wakilia kuliko wafiwa. Hilo halifuniki shimo, ambalo mpaka ninapoandika sijui kama bado lina bati. Kama watoto wengine bado wanapelekwa pale asubuhi, piga 116, namba ya bure ya kuripoti mambo ya watoto. Fanya hilo kabla ya yote niliyoyasema hapo juu.

SWALI

Kaka yetu aliugua akili. Tulimpeleka kwa mganga wa kienyeji, tukalipa. Alifungwa mnyororo mguuni wiki tano, akafa amekonda. Mganga anasema tulimkabidhi wenyewe kwa hiari, hana la kujibu. Ni kweli?

Msomaji, Manyoni

JIBU

Si kweli, ndugu yangu. Kanuni ya Adhabu inamtaja waziwazi mtu anayemshikilia mwingine asiyeweza kujiondoa kwa sababu ya umri, maradhi, akili kutokuwa timamu au kufungwa: ni wajibu wake kumpatia mahitaji ya uhai. Chakula, maji, dawa. Kaka yenu alikuwa na sababu mbili kati ya hizo kwa pamoja, ugonjwa wa akili na mnyororo. Idhini yenu ilikuwa ya kumtibu. Hakuna ndugu anayeweza kumpa mtu idhini ya kumnyima mgonjwa chakula. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka mganga asajiliwe, kwa hiyo ulizeni usajili wake. Ripotini polisi.

Lakini jiandaeni. Mpelelezi atauliza nani alikwenda kumtazama katika wiki hizo tano, na aliona nini. Kama mlimwona amekonda mkarudi nyumbani, semeni hivyo bila kuficha. Likifichwa nanyi likaja kufukuliwa na wakili wa mganga, litawaharibia kila kitu kingine.

SWALI

Mimi ni fundi ujenzi. Novemba nilichimba shimo la choo futi 12 kwenye kiwanja Nala. Tajiri yuko Dar, pesa imeisha, amesema nisubiri. Nimelipwa nusu. Shimo liko wazi, limejaa maji, na watoto wa jirani wanachunga mbuzi pale. Likitokea la kutokea ni langu au la tajiri?

Fundi wa Nala

JIBU

La wote wawili. Mwenye kiwanja kwa kuliacha, na wewe kwa kulichimba na kuondoka. Sheria inamtwika wajibu kila aliye na kitu cha hatari mikononi mwake, na haiulizi kama amelipwa nusu. Ukitaka kujua mambo haya huishia wapi, barua ya kwanza ya safu hii iko hapo juu.

Najua unachofikiria: ukiligusa tena bila malipo, tajiri ataona kazi inaendelea. Mtumie ujumbe leo, ulioandikwa, si wa sauti: shimo liko wazi, watoto wanapita, naliziba kwa muda, gharama ni hizi. Mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa, naye kwa maandishi. Kisha nenda Nala na magogo, mabanzi na misumari ya nchi nne, uzibe, uzungushie miiba mizito kama ya boma la ng'ombe, kimo cha kifua cha mtu mzima, maana mbuzi akipenya mchungaji atamfuata. Bati usiweke.

Hiyo nusu unayodai tutaizungumza toleo lijalo. Ukishatoka Nala, nitumie mkataba, kama upo.